Mara Tatu Nyuma ya Pazia

Bahia alipofika nyumbani kwetu Badjanani, mtaa wa Moroni, hakuwa na viatu, lakini alikuwa na daftari. Nakumbuka kwa sababu mama yangu, Koultoumi, alisimama kizingitini akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Huyu mtoto amevuka bahari na karatasi, ndara kaziacha." Watu waliokuwamo walicheka. Nami nilicheka, ingawa sikujua tulikuwa tunacheka nini.

Ulikuwa mwaka ule watu wetu waliokuwa wakiishi Majunga, kule Madagaska, waliporudishwa kwa ndege baada ya mauaji ya huko. Tuliwaita Sabena, kwa jina la ndege zilizowaleta, na jina hilo halikukawia kugeuka kejeli. Mtu akichelewa kuelewa neno sokoni: Sabena huyo. Akila wali na majani asubuhi: Sabena huyo. Bahia alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi kumi na mitatu. Alikuja na mama yake, Zoubeda, mke wa Combo. Combo alikuwa mdogo wake baba yangu, nami nilimjua kwa picha moja tu, amesimama mbele ya duka na kalamu sikioni. Combo hakuja.

Wiki ya pili baba yangu, Tadjidine, alimsomea mdogo wake hitima. Watu walijaa, sinia zikapita, na siku hiyo hiyo mama mdogo Zoubeda akabeba nguo akaenda kufua. Hakukaa eda. Hakuvaa vazi la msiba. Kila mchana alipakua sahani moja ya ziada, akaifunika kawa, na baada ya sala ya alasiri akampelekea maskini mmoja aliyekaa karibu na msikiti wa Ijumaa. Akiulizwa, "Zoubeda, wewe ni mke au mjane?" alijibu, "Mimi ni mgeni wa Koultoumi," akaendelea na kazi yake. Na ilikuwa kweli. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Hata baba aliishi katika nyumba ya mama. Nyumba ya Zoubeda, ya kuzaliwa kwake, ilikuwa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, kwa mama yake mzazi.

Baba alikuwa fundi wa majoho, yale wanayovaa wanaume waliokwisha kufanya ndoa kubwa ya mila. Wakati ule kazi hiyo ililala. Serikali ilikuwa ya vijana, na vijana walisema ndoa kubwa ni ujinga wa wazee, wakaipiga marufuku. Baba akawa anashona kaptura za shule. Halafu wakaja wazungu wenye silaha, kwa boti, na asubuhi redio ikasema serikali imekwisha. Basi waliokuwa wakubwa jana wakawa jela, na waliochekwa jana wakawa safu ya mbele msikitini. Majoho yakatoka masandukuni, mengine yameliwa na nondo, na baba akawa hana nafasi hata ya kukohoa. Kwenye njia panda walisimama wazungu wenye sare nyeusi pamoja na askari wetu. Baba alituambia, "Msiwaamkie, msiwakimbie." Kila nilipopita hapo sikujua miguu yangu niifanyeje.

Mimi na Bahia tulikuwa darasa moja, la mwisho la msingi, kwa sababu mimi nilikuwa nimelirudia. Mwisho wa darasa lile kulikuwa na mtihani wa kuingia koleji, yaani sekondari. Mwalimu wetu, Fakri, alikuwa mtu mkavu asiyesifu kitu, lakini imla ya Bahia aliiinua juu darasa zima liione. Hapakuwa na kosa hata moja. Nilimuuliza siku moja tukirudi nyumbani, "Koleji unaitakia nini?"

"Pale uwanja wa ndege Majunga palikuwa na mwanamke mwenye orodha," alisema Bahia. "Akisoma jina lako, unapanda. Asipolisoma, unabaki. Watu wote walimnyamazia yeye."

"Sasa unataka uwe na orodha?"

"Nataka niwe najua kilichoandikwa ndani yake."

Sikumwelewa. Mimi nilikuwa naitaka shule kwa sababu ya kutoka nyumbani tu, na kwa ajili ya njugu za pale nje.

Aliyeleta mambo ni Daroueche, karani wa bandari ya Mutsamudu, mwanamume wa miaka thelathini na miwili, mpole, mwenye miwani. Alikuja Moroni kushonesha joho. Baba hakujua kuandika kwa herufi za kizungu, akamwita Bahia aandike vipimo: bega, kifua, urefu wa mkono. Daroueche aliinama akatazama ile karatasi. "Nani huyu mwenye mkono mzuri hivi?" aliuliza. Baba akasema ni binti wa marehemu mdogo wake, na mama yake ni wa Mutsamudu, wa nyumba ya bibi Sittou.

"Karani kampata karani," alisema mama, akacheka peke yake.

Nilidhani ni mzaha. Mwezi haukuisha, posa ikaja. Na ukitazama kwa macho ya watu wazima, ilikuwa posa nzuri. Bibi Sittou, mama yake Zoubeda, alikuwa mzee, binti yake ni mmoja, mjukuu wa kike ni mmoja. Nyumba ile ya mawe ilikuwa inamngoja Bahia, na ilikuwa inahitaji mwanamume wa kuingia. Daroueche angeingia. Bahia asingeitwa Sabena tena. Baba angekuwa ametimiza wajibu kwa mtoto yatima. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa za heri. Ndiyo maana mpaka leo sijui ningemlaumu nani. Bahia alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kwa kuwa baba si baba yake mzazi, ilibidi Bahia aulizwe. Ndivyo sheria yetu isemavyo: mzazi wake akiwa hayupo, mwanamwali haozwi bila ridhaa yake, na kwa kuwa mwanamwali ana haya, akinyamaza ameridhika. Alhamisi alasiri wakaja wazee wawili, mmoja ni mzee Houmadi wa mtaani kwetu. Wakasimama upande ule wa pazia, sisi tukakaa upande huu juu ya mkeka, Bahia na mimi na wanawake watano au sita. Mama mdogo Zoubeda alikuwa jikoni.

Mzee Houmadi akasema, "Bahia binti Combo, baba yako mkubwa anataka kukuoza kwa Daroueche. Umeridhika?"

Kimya. Nilikuwa nimegusana naye bega kwa bega, nikahisi pumzi yake imesimama.

"Bahia binti Combo, umeridhika?"

Akainua mkono wake wa kulia, akauweka mdomoni, akaubana. Mwanamke mmoja akatabasamu, akanong'ona, "Tazameni haya yake."

Mara ya tatu mzee aliuliza polepole, kama anayembembeleza. Bahia hakutikisika. Macho yake yalikuwa kwenye pazia, na hayakuwa macho ya haya. Niliyaona. Nikajua kuna kitu, ila sikujua ni kitu gani, na vigelegele vikapigwa karibu na sikio langu mpaka likaziba.

Baadaye, tukikunja mkeka, nilimwambia, "Basi umekubali."

"Sikusema kitu."

"Ndiko kukubali."

Alinitazama kana kwamba nimemsemesha kwa Kimalagasi kibovu. "Dada Anziza," alisema, "mtu asiposema kitu, amesemaje kitu?"

Sikuwahi kuliwaza hilo. Kwetu ndivyo ilivyo, nami nilidhani ndivyo ilivyo duniani kote.

Asubuhi yake alikwenda kwa baba, aliyekuwa kwenye cherehani na pini mdomoni. Nilikuwapo, nikifagia nyuzi.

"Baba mkubwa, mimi nataka kufanya mtihani."

Baba akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Jana uliulizwa, mwanangu."

"Jana sikujibu."

"Ndiyo majibu hayo. Uliulizwa mara tatu mbele ya watu. Kama hukutaka, nani alikushika mdomo?"

Mama mdogo Zoubeda alikuwa karibu na mlango, akimenya muhogo. Kisu kilimponyoka. Akainuka, akatoka nje, na muhogo akauacha pale pale.

Tangu siku ile Bahia alisema hapana kwa kila mtu. Alimwambia mama, alimwambia mzee Houmadi njiani, alimwambia hata muuza samaki. Watu walicheka kwa upole. "Wote husema hivyo," mama alimwambia. "Hata mimi nilisema. Nililia siku saba, ya nane nikauliza wali umeiva." Hapana yake ilikuwa imechelewa, kama mtu anayepunga mkono gari limekwisha kuondoka. Mwalimu Fakri alituma fomu ya mtihani. Ilikuwa na mahali pa kuandika habari za baba: yuko hai, au marehemu. Bahia alimpelekea mama yake, na mama yake akaiweka chini ya mto, na siku ya nne akaitoa vile vile, nyeupe.

"Mama, andika lolote," alisema Bahia.

"Lolote siliwezi," alijibu Zoubeda.

Mwalimu akaja mwenyewe. Alikataa kukaa, akanywa maji tu. "Akadi ya ndoa mmeiweka lini?" aliuliza. Baba akamwambia: katikati ya Rajabu, huko Mutsamudu. "Mtihani ni wiki mbili baadaye," alisema mwalimu.

"Si ataufanya akiwa mke wa mtu? Kuna ubaya gani?"

"Fundi Tadjidine, nina miaka kumi na sita ya kufundisha. Wanaokwenda kuolewa wananiambia watarudi. Mimi bado nawangoja." Akaweka bilauri chini, akaaga kwa adabu, akaondoka. Baba akasema mwalimu ni mtu mwema ila hana mtoto wa kike.

Tulisafiri watu watano: baba, mama, mama mdogo Zoubeda, Bahia na mimi. Ilikuwa meli ndogo ya mizigo, tulitapika wote isipokuwa baba, aliyelikumbatia fuko la joho na gauni la bibi harusi kama mtoto mchanga. Kabla ya kupanda, pale Moroni, mizigo ilikaguliwa. Mzungu mmoja mwenye sare nyeusi alifungua sanduku la Bahia. Juu kulikuwa na nguo mpya. Chini yake, madaftari. Akauliza kwa Kifaransa ni ya nani. Sote tukatazama chini. Akauliza tena. Bahia akainua mkono kuziba mdomo wake, vile vile kama siku ya pazia, na mama yake akamvuta nyuma yake. Yule mzungu akafungua daftari, akasoma ukurasa mzima pale juani, akalifunga, akasema kwa Kifaransa, "Hakuna kosa." Akalirudisha taratibu chini ya nguo. Mtu niliyekuwa namwogopa kuliko wote ndiye aliyeliweka daftari vizuri. Sikujua nimfikirieje, na nikaona aibu kwa kumfikiria hata kidogo.

Nyumba ya bibi Sittou ilikuwa ndani ya vichochoro vya mji wa kale, ngazi zake zimeliwa na nyayo. Alitupokea na shiromani yake nyekundu, nguo ya kujitanda ya wanawake wa Ndzuani, akamshika Bahia uso kwa mikono miwili. "Ukuta huu ni wako," alimwambia. "Na huu. Na dari hili likivuja ni lako pia." Bahia alimpenda, nililiona hilo. Alimsaidia kusaga msandali wa kupaka uso, akamsomea barua ya zamani iliyokuwa imekaa sandukuni miaka mingi bila msomaji. Bibi akalia, akasema, "Mtoto huyu ni nuru." Kisha akarudi kuhesabu vikombe vya wageni.

Siku mbili kabla ya akadi, Bahia alimpigia mama yake magoti. Walidhani nimelala mchana ule. "Mwambie kadhi baba yuko hai," alisema. "Akiwa hai, baba mkubwa hawezi kuniozesha. Wewe mwenyewe unamwekea sahani."

Zoubeda alimpapasa nywele. "Sahani si ushahidi," alisema.

Siku yenyewe wageni walijaa tangu asubuhi. Uani sufuria nne zilikuwa motoni. Daroueche alikaa barazani na joho lake, ametota jasho, anafuta miwani. Kadhi akaja, mzee Ridjali, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, na daftari lake chini ya kwapa. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, tukisikia kila neno.

"Baba wa binti yuko wapi?" aliuliza kadhi.

"Ni marehemu," baba alijibu.

"Mkewe alikaa eda wapi, huku au Moroni?"

Baba akakohoa. "Hakukaa."

"Fundi, mtu hawezi kuwa marehemu barazani na hai jikoni. Mama yake aitwe."

Mama mdogo Zoubeda akatoka, akasimama mlangoni, mikono ndani ya nguo yake. Kadhi alisema naye kwa upole kabisa. "Binti yangu, sikuulizi kwa ubaya. Akiwa amekufa, huyu kaka yake ndiye walii wa kumwoza binti. Akiwa hajulikani alipo, mimi nitasimama mahali pake. Kwa vyovyote binti amekwisha kutoa idhini yake huko Moroni, na mashahidi wapo. Nataka kujua niandike nini tu."

Bahia alinishika mkono. Naye aliona kama mimi: hata mama yake angesema hai, hata angesema amekufa, ndoa ingefungwa. Njia zote zilirudi kwenye kile kimya cha Alhamisi.

"Andika kwamba sijui," alisema Zoubeda.

"Hujui?"

"Combo alitoka asubuhi kwenda kutazama duka, na mji umechafuka. Alituambia, mtu yeyote akiuliza mlangoni, hata akikuiteni kwa majina, msijibu. Yeye mwenyewe atapitia uani. Tukakaa nyuma ya mlango, mimi na mtoto. Adhuhuri ikaja sauti. Ikasema, Zoubeda, mumo? Nikamziba mtoto mdomo kwa mkono huu. Ikauliza tena. Ikauliza mara ya tatu." Akautazama mkono wenyewe. "Ilikuwa kama sauti yake. Ilikuwa kama si yake. Kisha kukawa kimya, na uani hakupita mtu. Sasa mnanitaka nikae eda ya mtu ambaye huenda aligonga mlango wake nami sikumfungulia. Ningekaaje?"

"Lakini idhini ya mtoto, hiyo naijua," aliendelea Zoubeda, na sauti yake ikapanda. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia, mtu akiuliza kutoka nyuma ya mlango, kunyamaza ndiko kubaki hai. Wazee wakaja, wakasimama nyuma ya pazia, wakauliza mara tatu. Mlitaka afanye nini?"

Nilimtazama Bahia. Mkono wake ulikuwa mdomoni tena, na sidhani alijua umefikaje huko.

Kadhi Ridjali akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa. "Ondoeni pazia," alisema.

Wanawake wakanung'unika, wakajifunika. Pazia likavutwa, na Bahia akaonekana na watu wote, amekaa juu ya mkeka na uso uliopakwa msandali. Mama yake akaja, akaushika ule mkono, akauteremsha mpaka mapajani, akabaki ameushika.

"Binti yangu," alisema kadhi, "unaniona? Mimi ni Ridjali. Huyu ni baba yako mkubwa. Mlango uko wazi, ukitaka kutoka toka. Unaridhika kuolewa na Daroueche?"

Alijibu kwa sauti kubwa mno, kama anayesoma imla. "Sitaki. Nataka kwenda kufanya mtihani."

Kadhi akafunga daftari. "Basi idhini haikuwapo, wala leo haipo. Ndoa hii siifungi."

Bibi Sittou ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Na wali huu nimempikia nani?"

Nje walisikika jamaa zake Daroueche wakizungumza kwa ukali, neno aibu likirudi na kurudi. Baba aliitwa pembeni na wazee. Mama naye akaitwa. Bahia na mama yake waliingia chumba cha mwisho wakafunga mlango, nami nikabaki juu ya mkeka sijui niende wapi. Nilikuwa nafurahi kwa ajili yake, nawaambieni kweli. Nilikuwa nawaza tutarudi Moroni pamoja, na kwamba mimi nitafeli na yeye atafaulu, na kwamba si neno.

Baba akaingia. Alikuwa ameshika lile gauni, na utepe wa kupimia umening'inia shingoni.

"Simama, mwanangu," alisema. "Inua mikono."

Nikainua. Nilidhani anataka kujua kama gauni litafaa kupewa mtu mwingine, nami ni kama kipimo tu, maana nilikuwa mnene kidogo kuliko Bahia. Akanipima kifua. Akanipima bega, akasita, akalipima tena. Baba yangu hakuwa akipima bega mara mbili. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikaa chini palepale, akafumua mishono ya ubavuni kwa wembe, akaanza kuongeza kitambaa.

"Baba," nilisema.

"Naam."

Nikakosa la kufuatisha. Alingoja, Mungu amrehemu, alingoja kweli, sindano imesimama hewani. Akaendelea kushona.

Kadhi hakutaka tena mambo ya pazia. Alikuja mpaka mbele yangu. Mzazi wangu alikuwa hai na amekaa pale, kwa hiyo hakuwa amelazimika kuniuliza, lakini aliniuliza kama naridhika kuolewa na Daroueche. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyenishika mdomo. Nilimwona mama, amekunja ncha ya nguo yake kidoleni, anaikunja na kuikunjua. Nilinusa wali na karafuu. Nikawaza kwamba wageni wana njaa. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nami nikanyamaza, na vigelegele vikapigwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Watu huniuliza kama niliridhika, nami nawaambia Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, si kwa kukwepa. Nimelitafuta jibu hilo ndani yangu nikisali na nikipika, sijaliona. Daroueche alikuwa mume mwema. Alihamia Moroni nyumbani kwa mama, kama ilivyo kwetu, na baada ya miaka mingi alinieleza kwamba siku ile naye wazee walimuuliza kama atamkubali binti mwingine. "Ulisemaje?" nilimuuliza. Akasema, "Nilinyamaza." Tulicheka mpaka watoto wakaja kutazama.

Bahia alirudi Moroni kwa meli ile ile. Baba aliitia sahihi fomu kwa mkono wake wa cherehani, na mahali pa habari za baba mama mdogo Zoubeda alimwambia Bahia aandike: haijulikani. Mwalimu Fakri aliipokea. Bahia alifaulu. Alikwenda koleji akiishi kwa bibi yake Mutsamudu, ndani ya ukuta ule alioambiwa ni wake, na bibi Sittou akawa anatandika shiromani yake chini ili mjukuu asome juu yake.

Mama mdogo Zoubeda naye alihamia huko. Kadhi alimshauri akae eda, ingawa imechelewa, moyo wake utulie. Akakaa, miezi minne na siku kumi, kwa nguo za msiba, hakosi siku. Na sahani akaendelea kuifunika. Watu wakaenda kumshtaki kwa kadhi: yuko edani na bado anampakulia mumewe. Kadhi Ridjali akasema hilo si swali la sheria.

Bahia alisomea ukunga, akafanya kazi Mirontsy, hapo hapo Ndzuani, mpaka nywele zikaingia mvi. Mtoto wangu wa tatu alizaliwa mikononi mwake, tulikuwa tumekwenda Ndzuani kwenye msiba wa mkwe wangu. Nilimwona anavyofanya kazi. Mtu akigonga, hasemi nani wewe. Anakwenda anafungua kabisa, anamtazama usoni, ndipo anauliza. Wenzake wanamtania kwamba siku moja atamfungulia mwizi na kumuuliza uchungu umeanza lini.

Pale kitandani, mtoto amelala, nilimuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba muda mrefu. Nilimwambia, "Bahia, uliposema sitaki, ulijua kwamba watanigeukia mimi?"

Alikuwa anakunja kitambaa. Akakikunja mara nne, akakiweka juu ya meza, mkono wake ukabaki juu yake. Mlango ulikuwa wazi na jua linaingia. Nilingoja. Sikumuuliza mara ya pili wala ya tatu, niliogopa. Kisha akaja akanishika mguu, akaubonyeza kwa kidole aone kama umevimba, akaniuliza kama nimekula.